Jina la Kumi na Mbili

Kianjai,
Ijumaa, 16 Mei 2025

Baba,

Mwalimu wa Kiswahili anataka kila barua ianze kwa afya. Basi: mimi ni mzima, ila situlii. Nafungua kitabu, nasoma ukurasa mmoja mara tatu, nakifunga.

Barua hii utaletewa na Wambeti wa jikoni hapa shuleni, anayekuja Gachoka mwisho wa wiki. Sikuitia posta kwa sababu barua za posta husomwa kwanza na mwalimu wa zamu, nami sitaki mwalimu wa zamu ajue kwamba baba yangu ameiomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika. Nisamehe kwa kuliandika neno hilo. Nimelifuta mara mbili nikakosa lingine.

Nataka kukuuliza kuhusu orodha. Siku ile ya Aprili uliponiita mezani ukasema, "Njoo uandike wewe, mwandiko wangu ni kama kuku amechakura," nilifurahi kuwa na kazi. Ulitaja nami nikaandika. Kampuni ya mikopo kwanza. Mwenye ghala. Mwenye duka la magunia. Kisha wakulima wanane waliokuachia ndengu zao wakisubiri uziuze. Majina kumi na moja. Nilipofika hapo sikuinua kalamu, nikangoja utaje la kumi na mbili. Ukasema, "Basi, piga mstari chini." Nikapiga mstari.

Baba, Mzee Nuh, baba yake Nasteho, hayumo.

Alibeba ndengu zetu kwa lori lake kutoka Gachoka hadi Meru misimu mitano. Mnunuzi alipozikataa zile za mwisho kwa sababu zilikuwa zimetobolewa na fukusi, lori lake ndilo lililozipeleka na ndilo lililozirudisha, na najua hukumlipa hata mafuta. Nilikusikia ukimwambia Mama ni laki moja na themanini.

Nasteho na mimi tunakaa dawati moja. Tunatumia atlasi moja. Kila akigeuza ukurasa naona jina ambalo sikuliandika.

Juzi Madam Gladys wa Biashara alifundisha kwamba mtu akifilisika lazima awataje wote wanaomdai, hata ndugu, hata rafiki. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini unajua mkono wangu haupandi darasani.

Je, ulisahau? Kama ulisahau ni rahisi, tutaongeza.

Binti yako,
Ruguru

*

Gachoka,
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa mama yangu,

Nakuita hivyo kwa sababu nilikupa jina la mama, na nitaendelea kukuita hivyo hata ukivaa soksi za shule.

Barua yako imefika ikinuka vitunguu. Mwambie Wambeti aibebe mbali na sufuria.

Mama yako ni mzima. Mvua imekatika mapema, ndengu za jirani zimesimama kwa hasira tu. Afisa wa ufilisi alikuja Jumanne na daftari, mama mmoja mpole kutoka Embu mjini. Aliandika mizani, akaandika pikipiki, akaandika hata mbuzi. Kesho yake yule mwenye pembe moja akazaa mapacha. Sasa sijui hao mapacha ni wangu au ni wa mahakama. Wewe msomaji, nitafutie jibu.

Kuhusu orodha, sikusahau. Nuh si mdai. Mdai ni mtu anayekuletea barua ya mhuri. Mara ya kwanza Nuh alipobeba magunia yangu arobaini nilitoa karatasi nikamwambia, "Tuandikiane." Akaniangalia kama nimemtemea mate. "Uniandike kwa nini, Ireri? Mimi ni ng'ombe wa chanjo, niandikwe namba?" Tukacheka, tukapeana mkono, na tangu siku hiyo hatujaandikiana hata risiti. Misimu mitano. Akisema amebeba mia, ni mia.

Sasa wataka nimpange na kampuni ya mikopo, kisha afisa amtumie barua kwamba Ireri hana? Kumweka kwenye karatasi ile ni kumwambia deni lake limekufa. Madeni ya hao wengine sheria itanifungulia baada ya miaka mitatu, nisidaiwe tena, na nitamshukuru Mungu. La Nuh halifunguliwi. Nitamlipa kwa njia yangu.

Usimwambie Nasteho neno. Soma. Siku ya wazazi nitakuja.

Baba yako,
Ireri

*

Kianjai,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Baba,

Asante kwa ndizi na kwa kuja. Najua ulitembea kutoka steji ya magari kwa sababu viatu vyako vilikuwa vyekundu kwa vumbi, nawe ukasema umeshushwa langoni.

Bahasha uliyonipa nimpe Nasteho ampelekee baba yake, bado ninayo. Imo ndani ya kitabu cha Biolojia, kwenye sura ya figo, ambako hakuna anayefungua. Nasteho ameenda nyumbani kwa Idd. Alipokuwa akifunga mkoba nilisimama karibu naye nikiwa nimeishika chini ya sweta. Akaniuliza, "Ruguru, unataka kusema kitu?" Nikasema hapana. Akaniambia, "Wewe siku moja utapasuka." Akaenda.

Baba, niliifungua. Sina la kujitetea. Nimekuta shilingi elfu kumi na tano, na karatasi uliyoandika kwa mkono wako mwenyewe: "Mimi Ireri naahidi upya kumlipa Nuh deni lote, hata kama mahakama itanifungua, na hii ni siri yetu wawili."

Nitakwambia nilichofanya ili usisikie kwa mwingine. Madam Gladys ana sanduku la maswali, mtu anaandika bila jina. Niliandika: "Mtu aliyefilisika anaweza kumlipa rafiki yake kwa siri?" Akalisoma mbele ya darasa lote. Mmoja nyuma akasema, "Huyo rafiki ni boyfriend!" wakacheka. Mimi nikatazama dirisha. Kisha Madam akajibu, na alijibu kwa uzito, kama aliyejua kwamba aliyeuliza hachezi.

Alisema mambo manne nami nikayaandika. Kwanza, ukimlipa mmoja kichinichini wakati wengine wanangoja, pesa hizo zinaweza kudaiwa kutoka kwake. Yaani watamwita Mzee Nuh azirudishe. Pili, ukimficha anayekudai, unaweza kupingwa usifunguliwe baada ya ile miaka mitatu. Tatu, ahadi mpya ya siri unayotia sahihi ukiwa ndani ya kufilisika ni kamba. Unaivaa tena shingoni mwenyewe wakati wanajaribu kukuvua. La nne alilisema akiwa ameshafuta ubao, kama jambo dogo: kwamba sheria ikikufungua, hakuna anayeweza kukulazimisha kulipa deni la zamani, lakini pia hakuna anayekukataza. Ukitaka kulipa kwa moyo wako, unalipa.

Hilo la nne nimelirudia kichwani hadi nimelichosha. Si ndilo unalolitaka? Mwandike sasa kama wengine. Ukifunguliwa, mlipe kama Nuh.

Na mapacha ni wa kutaja pia. Nimeuliza.

Sitampa Nasteho bahasha. Naomba usinikasirikie sana.

Binti yako,
Ruguru

*

Gachoka,
Jumapili, 8 Juni 2025

Ruguru,

Nilikutuma kupeleka bahasha. Sikukutuma kuifungua, na sikukutuma kupeleka mambo ya nyumba yangu kwenye sanduku la mwalimu.

Wewe umemjua Nuh kwa sababu ya Nasteho. Mimi nimemjua tangu lori lake lilipokwama kwenye mchanga wa mto Thiba nikamvuta na ng'ombe. Hakuna kurasa za Madam zinazojua hilo.

Weka bahasha hapo ilipo. Kesho naenda Meru mwenyewe nimalize na rafiki yangu.

Soma vitabu vyako.

Ireri

*

Kianjai,
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mzee Nuh,

Shikamoo. Mimi ni Ruguru, binti ya Ireri wa Gachoka, mwenye miwani. Mwaka jana ulitununulia mimi na Nasteho maziwa ya ngamia nikashindwa kuyamaliza, ukasema nikajaribu tena nikikua.

Barua hii naituma kwa posta. Mwalimu wa zamu ataisoma kabla yako. Nimeona afadhali aisome.

Nasteho alirudi kutoka Idd Jumatatu, akachukua vitabu vyake na kuhamia dawati la mbele. Hakunitukana. Alisema tu, akikuita Aabo, baba, kama kawaida yake, "Mwenye duka la magunia alimwonyesha Aabo barua ya mahakama. Kila mtu ameandikwa isipokuwa Aabo. Aabo hakula siku hiyo, na ilikuwa sikukuu." Atlasi ameniachia mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nataka ujue kwamba mwandiko wa orodha ile ni wangu. Niliona jina lako halimo na sikuuliza. Nimezoea kutouliza. Watu husema nina adabu, lakini siku ile haikuwa adabu.

Baba hakukuacha nje ili akudhulumu. Alikuacha nje kwa sababu kwake orodha ile ni ya watu baki. Aliniambia habari ya ng'ombe wa chanjo. Aliona akikuandika atakuwa amekwambia deni lako limekufa, nawe ungeona amekugeuka. Kumbe kwa kutokukuandika ndipo ulipoona amekugeuka. Mimi niko katikati yenu nikiwa na bahasha yenye pesa ambazo sheria haimruhusu kukupa, na karatasi ambayo naogopa itamfunga tena.

Sijui kama Baba alikuja kwako Jumatatu. Alisema atakuja. Kama alikuja mkapatana, basi ichane barua hii, unisamehe kwa kujiingiza.

Kama hakuja, naomba jambo moja. Mwambie kwa kinywa chako kwamba kuandikwa si matusi. Mimi nimemwambia, lakini mimi ni mtoto wake.

Kwa heshima,
Ruguru

*

Meru,
Jumatatu, 23 Juni 2025

Binti yangu Ruguru,

Barua yako nimeipata, imefunguliwa na kubandikwa gundi tena. Huyo mwalimu wako wa zamu gundi yake ni ya bei ya chini.

Ireri hakufika kwangu. Ningemwona.

Nitakuambia ukweli kama ulivyoniambia. Nilipoiona barua ya yule wa magunia nilisema, ala, mtu huyu amenitoa ili mali ikigawanywa nisipate hata sumni. Nimekula kwake, nimeswali kwenye ua wake akinishikia mbuzi wasinikanyage, halafu ananitoa. Nikamwambia Nasteho aondoke kwenye dawati lako. Hapo nilikosea. Ugomvi wa wazee haukai kwenye dawati la watoto. Nimeshamwambia arudi, lakini ana kiburi cha mama yake, mpe siku chache.

Sasa sikiliza. Baba yako anafikiri akiniandika deni linakufa. Kwetu sisi deni humfuata mtu hadi kaburini, na anayeweza kulifuta ni anayedai peke yake. Jaji hawezi. Afisa hawezi. Hata waniandike mara mia. Kwa hiyo anaogopa nini?

Mwambie aniandike. Sitaki bahasha wala karatasi ya siri. Mimi si hawara, nipelekewe vitu kwa kificho.

Maziwa bado yapo.

Nuh

*

Kianjai,
Ijumaa, 11 Julai 2025

Baba,

Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula nilikaa nyumbani siku nne, na tulizungumza juu ya mbuzi tu. Barua ya Mzee Nuh ilikuwa kwenye mfuko wa sketi yangu siku zote nne. Ulipokuwa ukinoa panga nilikuja nikakaa karibu. Ukasema, "Sogea, cheche zitakuchoma." Nikasogea. Tungekuwa watu wengine tungeongea, lakini nadhani ule ukimya wangu nimeutoa kwako. Kwa hiyo nakuandikia.

Ndani ya bahasha hii kubwa kuna vitu vitatu. Kuna barua ya Mzee Nuh, isome kwanza. Kuna bahasha yako ndogo na karatasi yako ndani, pesa zote elfu kumi na tano zimo, zihesabu. Na kuna orodha mpya. Nimeiandika upya yote kwa mwandiko ule ule, majina kumi na moja na kiasi cha kila mmoja. Sikupiga mstari chini. Nafasi ya kumi na mbili nimeiacha wazi.

Ningeweza kuijaza mimi, ningechukua dakika moja. Lakini katika orodha ya kwanza niliandika nilichoambiwa, na katika hii ya pili nisingetaka uandikiwe usichotaka. Madam Gladys anasema orodha inaweza kurekebishwa kabla ya mkutano wa wadai, na mkutano wako ni tarehe kumi na saba, Alhamisi. Zimebaki siku sita.

Baba, nahesabu hivi. Uliwasilisha orodha Aprili. Miaka mitatu inaisha Aprili 2028. Mimi nitakuwa nimemaliza shule, na wewe utakuwa mtu anayeweza tena kwenda benki akasema jina lake bila kushusha sauti. Nataka siku hiyo ifike. Jina moja linaweza kuizuia, na ni jina la mtu anayekupenda.

Na darasani siko peke yangu kabisa. Jana Nasteho aliuliza kutoka dawati la mbele, bila kugeuka, "Mji mkuu wa Mongolia ni upi?" Anaujua. Nikamjibu.

Binti yako,
Ruguru

*

Gachoka,
Jumapili, 20 Julai 2025

Kwa mama yangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu kanisani. Wambeti yuko mlangoni amefunga leso, ananiambia, "Ireri, gari halingojei washairi." Nitaandika haraka.

Kwanza nikuambie nilichokuficha. Juni nilienda Meru kweli. Nilifika hadi gereji ya Nuh. Alikuwa chini ya lori, nikaona miguu tu, na zile kandambili zake za kijani. Nilisimama kama dakika kumi. Nikasema akitoka nitamsalimu. Alipoanza kutoka nikageuka nikaenda zangu. Mtu wa umri wangu, nikajificha nyuma ya kibanda cha chipsi. Kwa hiyo ule ukimya, ndiyo, umeutoa kwangu. Pole.

Orodha yako nilipeleka Jumatatu. Nilijaza kule kule kwa afisa, nikiwa nimesimama. Jina lake limepinda, ni mwandiko wa kuku kabisa. Yule mama akasoma akasema, "Huyu alikuwa wapi?" Nikasema, "Alikuwa moyoni." Akasema, "Sina kolamu ya moyoni," akapiga mhuri. Akampigia Nuh simu mbele yangu amwambie tarehe. Zile elfu kumi na tano nimezitaja, na mapacha nao. Amewaandika kwa kalamu ya penseli, sijui maana yake, lakini alicheka.

Alhamisi wadai walikuja Embu. Tulikuwa katika chumba kimoja chenye viti vya plastiki. Wakulima walikaa pamoja, hawakunitazama, nami siwalaumu. Wa kampuni ya mikopo alikuja na tai. Alinivuta kando kabla hatujaanza, akanionyesha fomu. "Mzee, ukitia sahihi hapa kwamba utaendelea kulipa mkopo hata baada ya kufunguliwa, tunakuachia pikipiki wiki ijayo." Nilikuwa na kalamu mkononi, Ruguru. Pikipiki ile naipenda. Nikakumbuka neno lako la kamba. Nikamwambia, "Nenda umwonyeshe afisa hiyo fomu, akisema sawa nitaisoma." Akaikunja akairudisha kwenye koti.

Nuh alifika amechelewa. Akaingia, akasalimia kila mtu kwa mkono, wakulima wote, yule wa tai, mimi wa mwisho. Afisa akaita majina. Kila mmoja alisimama akasema kiasi chake. Alipofika kumi na mbili Nuh akasimama.

"Laki moja na themanini," akasema. "Ya mafuta na safari."

"Una hati yoyote?" afisa akauliza.

"Sina."

Yule wa tai akacheka puani. Afisa akanigeukia. "Bwana Ireri, unakubali deni hili? Bila hati unaweza kulipinga."

Mama, niliiweka kalamu mfukoni. Nikasimama. Nikasema, "Ni kweli. Akisema amebeba, amebeba." Nuh akaketi, akatoa leso akafuta uso, na hakukuwa na joto.

Baada ya hapo tulikaa nje kwenye ngazi. Nikatoa ile karatasi yangu ya ahadi mpya, uliyonirudishia. Nikamwambia, "Angalau ichukue. Ikae kwako. Ikifika Aprili 2028 uwe na kitu."

Akaisoma hadi mwisho, akairarua vipande vinne, akavitia mfukoni kwake asichafue ngazi za serikali.

"Basi umenisamehe?" nikamuuliza.

"Nani kasema?" Akageuka kabisa. "Sikusamehe hata shilingi. Nikikusamehe leo utakuwa unanikwepa barabarani maisha yako yote, nakujua. Nasikia mpaka nyuma ya vibanda vya chipsi wewe unaweza kujificha."

Kumbe aliniona. Alikuwa anatazama miguu yangu kutoka chini ya lori, kama mimi nilivyotazama yake, na kwako akaandika sikufika, asiniaibishe.

Akasema, "Kwa miaka hii mitatu usiniletee kitu. Chochote wakinigawia pamoja na hawa, sawa, nitapokea kama hawa. Kinachobaki ni changu na wewe. Siku ukifunguliwa nitakuja Gachoka asubuhi na lori tupu. Nataka nikute ndengu za kujaza. Kavu, Ireri, bila fukusi."

Nimeanza kuchimba shimo la kuchanganyia majivu na mbegu, fukusi wasizishike. Mama yako ananiuliza mbona mapema hivi, msimu ni Oktoba. Nimemwambia lori la Nuh linabeba magunia mia moja, na sisi tuna mbegu za debe moja.

Ukifunga shule uje unisaidie kuhesabu misimu iliyobaki.

Baba yako,
Ireri